Kuchagua Mashine ya Trekta ya Kufyeka Vichaka Njiani: Mwongozo kwa Wenye Matrekta, Madereva na Vyama vya Ushirika wa Mtwara

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu wa Magomeni au kata nyingine ya Manispaa ya Mtwara Mikindani mwenye trekta, au anayeendesha la mwenzake, ambaye hupewa kazi ya kufungua njia. Huenda ni njia ya kuingia shamba la mikorosho huko Naliendele au Nanguruwe, au ya gari la magunia kwenda ghala la chama cha ushirika (AMCOS), au ukingo wa barabara ya vumbi ielekeayo Ziwani na Msimbati ambako majani yamekaribia kukutana katikati. Hauhusu kufungua pori jipya kwa ajili ya kilimo. Hiyo ni kazi nyingine, ina mashine zake na vibali vyake, na ukanda huu wa kusini uliwahi kulipa gharama yake.

Bandari ya Mtwara na reli iliyokwenda Nachingwea zilijengwa kwa sababu ya Mradi wa Karanga. Mwishoni mwa 1946 serikali ya Uingereza iliutangazia ulimwengu kwamba itafyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vya Sherman vikavuliwa mizinga, vikageuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Nguvu haikukosekana hata siku moja. Yalikosekana mambo mawili madogo kuliko nguvu: mashine inayolingana na pori lenyewe, na vipuri vikiwa karibu pamoja na fundi anayevijua. Mitambo mingi ililala chini ikisubiri vifaa kutoka ng'ambo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimezama. Leo mwenye trekta moja la nguvu farasi 50 anaweza kurudia kosa lile kwa kipimo chake, akanunua mashine kubwa inayovutia macho dukani, kisha ikakatika jino la gia mwezi wa sita na isipatikane nyingine hadi msimu uishe. Kwa hiyo ushauri wote unaofuata unarudi kwenye maswali mawili: je, mashine inaifaa njia yako, na je, inatengenezeka Mtwara?

Ipime njia kwanza

Kabla ya kwenda dukani, tembea njia yote kwa miguu ukiwa na panga na futi kamba. Usiitazame ukiwa juu ya kiti cha trekta, kwani kutoka pale kila kitu huonekana ni majani.

Anza na unene wa mashina. Majani na vichaka vichanga visivyozidi unene wa kidole gumba hukatwa na slasha yoyote iliyo nzima, yaani mashine ya kufyeka inayofungwa nyuma ya trekta. Mashina yanayokaribia unene wa kifundo cha mkono, yaani sentimita 5 hivi, yanahitaji slasha nzito iliyotengenezwa kwa vichaka. Yaliyozidi hapo si kazi ya trekta hata kidogo. Yakatwe kwa panga, shoka au msumeno wa mnyororo kabla trekta halijafika. Dereva anayejaribu kuyalaza kwa matairi ili mashine iyamalize nyuma anaharibu vitu viwili kwa wakati mmoja.

Uangalie hasa mkulagembe. Ni mti mdogo wa miiba, mgumu, na ukikatwa huchipua tena kutoka shinani na mizizini, mara nyingi vichipukizi vingi zaidi ya vile vya mwanzo. Mashine ikipita mara moja tu kwa mwaka, inaupogoa tu. Njia iliyojaa mkulagembe inataka kupitiwa mara mbili kwa mwaka kwa miaka kadhaa, au mashina yang'olewe kwa mkono. Mteja aambiwe hivyo kabla ya kukubaliana bei, vinginevyo atarudi mwakani akidai hukufanya kazi.

Jambo la pili ni kilichofichwa chini ya majani. Upande wa Mikindani, na pwani yote kuelekea Msimbati, mwamba wa matumbawe hujitokeza juu ya ardhi, mwingine mrefu kama tofali lililosimamishwa. Mashambani kuna visiki na vichuguu. Karibu na makazi kuna bikoni za mipaka, nondo, matairi ya zamani na nyaya. Kila kitu kisichoweza kuondolewa kiwekewe mti mrefu wenye kitambaa. Kipande cha waya wa seng'enge ni kibaya kuliko jiwe, maana hujizungusha kwenye shafti ya visu na kula oili sili ya giaboksi. Utaligundua tatizo pale oili itakapokuwa imekwisha.

Kisha uangalie visiki vilivyoachwa na watu wa panga. Panga likikata kwa mshazari huacha ncha kama mkuki, na tairi la trekta halistahimili ncha hiyo. Vibarua wanaotangulia waelekezwe kukata bapa na chini kabisa, usawa wa ardhi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini bei ya tairi moja la nyuma hulipa vibarua wengi.

Mashine zilizopo, na ipi ya kuchukua

Slasha ya mzunguko ndiyo iliyozoeleka: sanduku la chuma linalofungwa nyuma ya trekta, giaboksi juu, na chini visu viwili au vitatu vinavyozunguka sambamba na ardhi. Ina vitu vichache vya kuharibika. Giaboksi yake ni ya kawaida, visu vyake hunolewa kwa grainda, na sanduku likipasuka huchomelewa. Kwa njia nyingi za Mtwara ndiyo ya kununua, na sioni haja ya kuzunguka sana kabla ya kusema hivyo. Ila slasha nazo hutofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazotenganisha mashine ya miaka kumi na ile ya msimu mmoja.

Inamisha kichwa uangalie chini yake. Slasha ya vichaka huwa na sahani nene ya chuma yenye umbo la bakuli chini ya giaboksi, na visu vimefungwa pembezoni mwa sahani hiyo. Ikikutana na kisiki au jiwe, sahani hupanda juu na kuteleza badala ya kugota. Visu vyenyewe vizunguke huru kwenye bolti zake ili vikigonga kitu kigumu virudi nyuma. Slasha yenye kisu kimoja kirefu kilichokazwa kama feni ni ya uwanja wa mpira. Ukiipeleka kwenye matumbawe ya Mikindani, pigo lote linakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi.

Tazama pia unene wa bati la juu na miguu ya pembeni inayoteleza ardhini. Mchanga wa pwani hii hula chuma haraka. Chagua mashine ambayo viatu vya miguu hiyo vimefungwa kwa bolti na vinabadilishika. Kama vimechomelewa moja kwa moja kwenye sanduku, vikiisha ndipo sanduku lenyewe huanza kuliwa.

Mashine ya nyundo ni ya aina nyingine. Ina bomba lililolala lenye nyundo au visu vidogo vingi, na hulisaga jani vizuri, huacha njia safi na hurusha mawe kidogo kuliko slasha. Kwa barabara za mjini penye watu hiyo ni faida kubwa. Lakini inataka nguvu zaidi kwa kila mita ya upana, ina mikanda na beringi za kuangaliwa, na nyundo zake ni nyingi. Zikikatika chache upande mmoja, bomba hutetemeka hadi beringi zife. Manispaa au mkandarasi mwenye stoo ya vipuri anaweza kuimudu. Mtu binafsi aifikirie mara mbili.

Ile mashine kubwa ya kusaga miti, yenye meno magumu, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha kwenye video, huhitaji trekta la nguvu farasi 80 hadi 100 na kuendelea. Kwa njia za shamba haina kazi. Mkono wa haidroliki unaokata ukingo wa barabara huku trekta likiwa barabarani ni kifaa kizuri kwa mkandarasi wa barabara kuu, mwenye trekta zito lisilopinduka mkono unaponyooshwa. Sisemi zaidi ya hapo kuhusu vifaa hivyo viwili.

Wengi hutumia haro ya diski kwa sababu tayari wanayo. Kwa ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba, haro inafaa kweli, kwani pale unataka udongo mtupu. Kwa njia ya kupita haifai. Inalegeza mchanga, mvua ya Desemba inauchukua, na baada ya misimu michache njia imekuwa mfereji. Ndani ya shamba la mikorosho hasara huongezeka, kwa sababu mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi na imetanda mbali na shina. Bledi ya nyuma ina tatizo hilohilo. Kufyeka huacha mizizi ya majani ardhini, na mizizi hiyo ndiyo inayoushika mchanga wetu.

Kwa shamba la mikorosho lililopandwa mita 12 kwa 12 kuna nafasi ya kutosha ya trekta katikati ya mistari, lakini miti ikishakomaa matawi hushuka hadi kifuani mwa dereva. Hapo kuna slasha inayoweza kusogezwa pembeni ya trekta, ili visu viingie chini ya matawi huku dereva na bomba la moshi wakibaki nje. Kama kazi yako kubwa ni mikorosho, lipa nyongeza hiyo. Kama ni barabara, usilipe.

Upana na nguvu

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kununua upana mdogo kuliko trekta lenyewe. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa jingine. Slasha isipungue kipimo hicho, la sivyo kila upande utaacha mstari wa vichaka vilivyolazwa na matairi, ambavyo kesho vitasimama tena. Trekta likiwa na nafasi ya kusogeza matairi ndani, mwambie fundi ayasogeze, lakini kumbuka kwamba trekta jembamba hupinduka upesi kwenye mteremko.

Kosa la pili ni kinyume chake, upana unaoishinda injini. Kwa majani matupu, nguvu farasi 15 hadi 20 kwa kila mita ya upana zinatosha. Kwa vichaka vya mashina, hesabu 30 kwa mita. Slasha ya mita 1.5 basi inataka trekta la 45 hadi 50, na ya mita 1.8 inataka 55 hadi 60. Trekta la 35 linaweza kuvuta ya mita 1.5 kwenye majani, lakini kwenye mkulagembe litakuwa linapumua kwa shida na dereva atakuwa anacheza na klachi kutwa nzima.

Uzito nao huhesabiwa. Slasha nzito ikinyanyuliwa nyuma, pua ya trekta hupungua uzito na usukani hulegea. Nyanyua mashine, kisha mwambie dereva aendeshe polepole penye tambarare: kama magurudumu ya mbele yanateleza anapokata kona, ongeza vyuma vya uzito mbele kabla ya kwenda popote. Pawatila isifikiriwe kabisa kwa vichaka. Ni mashine nzuri ya jaruba na ya kuvuta tela dogo.

Kuhusu kufunga, angalia pini. Mikono ya kunyanyulia ya matrekta madogo hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya 19. Ya matrekta ya kati hutumia 28 na 25. Pini ndogo ndani ya tundu kubwa hupwaya, hugonga, na mwisho hukatika. Tofauti hiyo huzibwa kwa bushi za chuma, ambazo fundi wa lethi anaweza kuzitengeneza kwa saa chache. Usikubali kuzungushiwa bati.

Shafti na klachi

Sehemu hii isomwe taratibu, na dereva aisome pamoja na mwenye trekta. Watu wengi huuliza visu na kusahau shafti, ilhali ajali mbaya na matengenezo ya gharama hutoka humo.

Shafti ya PTO, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, huzunguka mara 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye mwendo ulioandikwa kwenye saa ya trekta. Giaboksi ya slasha huongeza kasi hiyo, na kwa mashine ya mita 1.5 ncha ya kisu hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kasi hiyo ndiyo inayokata. Dereva anayepunguza mafuta kwa kudhani anabana matumizi huvifanya visu vichane badala ya kukata, kisha hulazimika kupita mara ya pili. Kichaka kikiwa kizito, shusha gia na usipunguze mwendo wa injini.

Sasa fikiria uzito wa sahani na visu ukizunguka kwa kasi ile. Ukizima, haisimami papo hapo. Matrekta ya kisasa zaidi yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, trekta husimama na PTO ikaendelea, ukikanyaga yote, PTO nayo hukatika. Lakini matrekta ya zamani, yakiwemo baadhi ya Massey Ferguson 135, yana klachi ya hatua moja. Ukiikanyaga, unaitenganisha injini, ila PTO na gia za magurudumu hubaki zimeshikana. Slasha inayoendelea kuzunguka huyasukuma magurudumu, na trekta huenda mbele mita kadhaa dereva akiwa amekanyaga klachi mpaka mwisho. Mbele ya mtaro, ukuta wa nyumba au mtu, mita hizo ni nyingi mno.

Dawa yake ni kiungo kidogo kinachovishwa kwenye ncha ya PTO, kinachopeleka nguvu upande mmoja tu na kuachia slasha inapotaka kulisukuma trekta. Mwenye trekta la klachi ya hatua moja asinunue slasha bila kiungo hicho. Kinarefusha shafti kidogo, hivyo pima upya urefu baada ya kukivisha.

Urefu nao una kanuni. Mabomba mawili ya shafti yapishane angalau theluthi moja mashine ikiwa katika hali ya kazi, na mashine ikinyanyuliwa au kushushwa kabisa, bomba la ndani lisigote mwisho. Likigota, huisukuma giaboksi upande mmoja na beringi ya PTO upande mwingine, na trekta lililokuwa zima linaanza kuvuja oili nyuma. Shafti ikiwa ndefu, fundi akate mabomba yote mawili na makava yake ya plastiki kwa kipimo kilekile, asawazishe ncha na kupaka grisi.

Kati ya vilinzi viwili vya giaboksi, pini ya kukatika na klachi ya kuteleza, kwa eneo la matumbawe na visiki chagua klachi ya kuteleza. Pini ni rahisi, lakini kwenye njia mbaya dereva atakata pini kila mara, atachoka, na siku moja ataweka bolti ngumu ya gari badala yake. Kuanzia hapo ulinzi wa giaboksi umekwisha. Wenye mashine za pini wanunue pini halisi za akiba, zikae kwenye kisanduku cha trekta, na bolti ya aina nyingine ipigwe marufuku. Klachi ya kuteleza nayo ilegezwe na kuzungushwa mwanzoni mwa kila msimu, kwa sababu hewa ya chumvi huzigandisha sahani zake na ikiganda haitelezi tena.

Mpya, mtumba na visu vya kienyeji

Slasha ya mtumba si mbaya. Vishike visu vyake kwa mkono, trekta likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, uvitikise juu na chini: mchezo wa shafti ukizidi kidogo, beringi za giaboksi zimekwisha. Fungua kizibo cha oili. Oili ya gia iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Iliyojaa unga wa chuma unaong'aa ni sababu ya kuondoka. Kisha iwashwe bila mzigo. Sanduku likitetemeka hadi kiti cha dereva, uliza kwa nini, na usikubali jibu la kwamba mashine zote ziko hivyo.

Mafundi wetu hutengeneza visu kwa pleti za springi za lori, na vingi vinafanya kazi vizuri. Masharti ni mawili. Visu vya mashine moja vipimwe kwenye mizani na viwe sawa kwa uzito, na vibadilishwe vyote kwa pamoja. Tena visichomwe moto mkali kisha vikatumbukizwa majini ovyo, maana chuma hicho hugeuka kigumu kama kioo, na kisu kilichopasuka vipande kwa kasi ile hurukia mbali. Kwa anayetaka ushauri wa chuma, SIDO na VETA zote ziko Mtwara.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji beringi na oili sili za giaboksi ni namba gani, kisha tembea na karatasi hiyo kwenye maduka ya vipuri mjini. Zikipatikana hapa, nunua mashine. Zikiwa ni za kuagiza Dar es Salaam, nunua seti moja ya akiba siku hiyohiyo. Zikiwa hazijulikani, rudi nyumbani na pesa yako. Kipimo hiki kinawakera baadhi ya wauzaji, na wakereke tu.

Watu walio karibu

Slasha hurusha. Jiwe, kipande cha mti au nati iliyolegea hutoka chini ya sanduku kwa kasi ya kuua. Minyororo au mikanda mizito ya mpira ifungwe mbele na nyuma ya sanduku, na mnyororo uliokatika uwekwe mwingine kabla ya kazi ya siku inayofuata. Mtu yeyote asiwe karibu zaidi ya mita 90 mashine inapozunguka. Katika mitaa ya Magomeni yenyewe, penye nyumba, watoto na bodaboda, umbali huo haupatikani. Huko tumia fyekeo au mashine ya kubeba begani, na trekta libaki kwa tela la kuzolea majani.

Hakuna abiria kwenye bampa wala juu ya slasha. Dereva asishuke kabla PTO haijatolewa, injini haijazimwa na visu havijasimama kabisa. Anayeingia chini ya sanduku kubadilisha kisu aliegemeze juu ya magogo, asiiamini haidroliki. Nguo za kupepea, kanga na mitandio, zisikaribie shafti isiyo na kava. Kwa wenye waajiriwa, haya si ushauri tu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, na mwajiri mwenye kibarua juu ya trekta anapaswa kuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Wakati wa kufyeka

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ufyekaji mkubwa ufanyike Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Mashina bado yana maji na hukatika kwa urahisi, mchanga bado una unyevu na hubeba trekta, na wapuliziaji wa salfa, wanaobeba mashine mgongoni kupambana na ubwiri unga, watapata pa kupita. Sababu nyingine haielezwi kwenye vitabu vya mashine: upupu. Ukikatwa ungali kijani, hauna neno. Ukisubiri maganda yakauke, slasha itazipeperusha nywele zake hewani na dereva atakuwa katikati ya wingu hilo. Wanaoujua upupu hawahitaji maelezo.

Ufyekaji wa pili uwe Agosti au Septemba kabla korosho hazijaanza kuanguka, kwani huokotwa chini na majani marefu huzificha. Wakati huo nyasi ni kavu. Kisu kikigonga matumbawe hutoa cheche, na majani yaliyorundikana juu ya sanduku au karibu na bomba la moshi huwaka. Safisha kila baada ya muda, na bomba la kupulizia lililojaa maji liwe kwenye trekta. Bonde la Ruvuma, upande wa Kitaya na Mahurunga, udongo ni mzito. Huko usiingie na trekta hadi ukauke vya kutosha.

Mahali pa kuuliza kwanza

Ukingo wa barabara si shamba la yeyote. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na iko chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, ambayo mara nyingi huvipa vikundi vya wananchi kazi ya kufyeka. Pata maandishi yao kabla ya kuanza, hata kama diwani amekuomba kwa mdomo.

Mikoko haifyekwi kwa trekta wala kwa panga bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Eneo la kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ofisi yake iulizwe hata kwa njia ya zamani. Na kutoka Msimbati kupitia Madimba kuna mkuza wa bomba la gesi. Palipo na mabango ya bomba, usishushe haro, using'oe kisiki, usivuke na mashine nzito pasipo njia iliyoruhusiwa.

Bei ya kazi

Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, njia ya kilomita 3 iliyofyekwa pande zote mbili ni kilomita 6, yaani saa 2 za kukata. Ongeza kugeuza, kuondoa vizuizi na kunoa, zifanye 3. Trekta la nguvu farasi 50 kwenye kazi hii hunywa lita 4 hadi 7 kwa saa. Ongeza safari ya kwenda na kurudi kutoka mjini, ambayo madereva wengi husahau kuitoza. Kwa njia ambayo haijafyekwa kwa miaka, toza kwa saa na wala si kwa kilomita, kwa sababu huwezi kujua kilichomo mpaka uingie.

Grisi iingie kwenye krosi za shafti kila baada ya saa 8 za kazi, na nati za visu zikazwe kila asubuhi. Vyama vya ushirika vinavyotaka kununua slasha kwa ajili ya wanachama viteue dereva mmoja na fundi mmoja kabla ya kuteua muuzaji, na fundi huyo aende dukani pamoja na kamati, akiwa na futi kamba yake.